Fimbo Iliyokunjwa Mkobani

Nilipokuwa kazini, watu wakiniuliza nafundisha somo gani, niliwajibu kwamba nafundisha kutembea. Wengine walicheka, wengine waliuliza kama ni watoto wachanga. Mama mkwe wangu, Mungu amweke pema, aliwaambia majirani zake hadi mwisho kwamba mimi ni mwalimu wa hesabu, maana hakujua angewaelezaje kwamba binti yake ameolewa na mwanamume anayelipwa kuzunguka mitaani na watu wazima. Sasa nimestaafu, na ninyi mnaoishika kazi hii mmeniomba niwaandikie machache. Nitaandika, ila msitarajie vigelegele. Mengi ninayoyakumbuka yananiuma.

Kazi yetu mnaijua: kumfundisha mtu anayepoteza macho kwenda aendako bila kushikwa mkono. Nilidhani ni kazi nyepesi. Siku yangu ya kwanza nilipokewa na Bi Mutheu, mwanamke mfupi asiyependa maelezo marefu, ambaye alikuwa ameifanya kazi hii kabla sijamaliza shule. Alinitoa nje ya lango la ofisi, akanifunga kitambaa cheusi machoni, akanipa fimbo nyeupe mkononi na kuniambia, "Nenda ukaninunulie mandazi pale kwa kibanda."

Kibanda nilikuwa nimekipita asubuhi hiyo hiyo nikija. Nilikwenda. Nilikanyaga sukuma wiki ya mtu, nikaiomba msamaha nguzo ya stima, na kila nilipotulia kusikiliza nilipo, mkono wa msamaria mwema ulinidaka na kunivuta kokote ulikotaka wenyewe. Nilirudi bila mandazi, tena nilirudishwa.

"Umejifunza nini?" Bi Mutheu akaniuliza.

"Kwamba siwezi."

"Hapana. Umejifunza kwamba watu watakushika. Ya fimbo nitakufundisha kwa wiki chache. Hiyo ya watu itakusumbua mpaka ustaafu."

Ilinisumbua mpaka nikastaafu.

Kuhusu vifaa sina mengi. Fimbo iwe na urefu wa kumfika mtu kwenye kidari, si kiunoni kama bakora ya mzee. Ncha ndiyo inayoongea na mkono, kwa hiyo itazameni kila mara. Kwenye lami inadumu, lakini kwenye changarawe na mawe ya mitaa yetu inalika haraka, na zile za kununua zikikosekana mimi nilichonga za kushikiza kutoka kwenye kandambili kuukuu. Usimfundishe mtu kwa kufuata kitabu peke yake. Kitabu kinasema fuata ukuta. Aliyekiandika hakuwahi kufika Kayole, ambako ukuta unafuatwa vizuri mpaka mahali mwenye nyumba alipoamua kuongeza ngazi, au kuegesha bati lenye makali. Na pale steji za Spine Road, mfundishe mwanafunzi wako kutaja aendako kabla hajaguswa na makanga wa matatu, la sivyo atajikuta amekalishwa vizuri sana, kwa heshima zote, ndani ya gari la kwenda kwingine. First Avenue ya Eastleigh niliwaachia wale waliokomaa. Pale njia ya miguu ni ya mablanketi na masufuria, na mwenda kwa miguu ni mgeni.

Hayo ni mambo ya mikono na miguu, mtayazoea. Kesi ngumu hazikuwa za vipofu. Mtu aliyepofuka kabisa anajua amepofuka, na jirani zake pia wanajua. Kesi ngumu zilikuwa za wale ambao macho yanakwenda polepole, leo yapo, kesho yamepungua kidogo, mwaka kesho kidogo tena. Mtu wa namna hiyo hana kwao. Wenye macho hawamwamini, na vipofu wanamwona mgeni. Kati ya wote waliopita mikononi mwangu, ninayemfikiria zaidi ni Mama Nekesa.

Alikuja ofisini peke yake asubuhi moja, akakwaruza mlango kwanza kwa bega. Alikuwa mjane, mtu wa Bungoma, aliyeishi Shauri Moyo miaka mingi na kuuza nguo za watoto za mitumba Gikomba. Alikuwa akitoka nyumbani hadi sokoni kwa miguu kila siku ya kazi. Ugonjwa wake ulikuwa ule unaokula pembeni na kuacha katikati, kwa hiyo alikuwa akiuona ulimwengu kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Ndani ya lile tundu aliona vizuri sana. Angeweza kutunga uzi kwenye sindano, na doa kwenye kola hakuliacha lipite. Lakini ndoo iliyowekwa mbele ya miguu yake hakuiona mpaka aiangukie. Kwenye giza, au hata ndani ya chumba chenye mwanga mdogo, hakuona kitu.

"Nikikuangalia uso, nauona wote," aliniambia. "Miguu yako sijui iko wapi."

"Daktari amesemaje?"

"Amesema hilo tundu litazidi kufunga. Lini, hata yeye hajui." Kisha akaniambia kilichomleta. Nekesa, kifungua mimba wake, alikuwa anaolewa mwaka uliofuata. Baba yake hakuwepo tena. Mama ndiye angemtoa nyumbani na kumtembeza mpaka kwenye gari la bwana harusi. "Sitaki kuburutwa kama mgonjwa siku hiyo, Mwalimu. Nataka nitembee na miguu yangu kando ya mtoto wangu, nimwone vile amependeza. Baada ya hapo, Mungu akitaka kufunga, afunge."

Nilimkubali pale pale, na tukaanza.

Sikuwahi kupata mwanafunzi aliyeshika upesi kama yeye. Nilimfunga kitambaa ili asiibie kwa lile tundu lake, akanung'unika, kisha akasahau. Fimbo kushoto mguu wa kulia ukitangulia, fimbo kulia mguu wa kushoto ukitangulia. Alijifunza kupita mtaro kwa kuupima kwanza, na kusimama mahali ambapo mlio wa mafundi wanaofua mabati unamwambia kwamba kona imefika. Kutoka hapo harufu ya samaki ilimchukua mpaka kwenye mitumba. Wasamaria wema aliwamudu kuliko mimi. Mtu akimdaka mkono, alisema kwa sauti ya ibada, "Niachilie, ndugu yangu, sijapotea," na mkono ulitoka wenyewe.

Ikafika siku ya kwenda sokoni peke yake, bila kitambaa, akitumia fimbo yake na kile kidogo cha macho alichobaki nacho. Nilimfuata kwa mbali, kama tufanyavyo, nikijificha nyuma ya wanunuzi. Alitembea vizuri hata nikasahau kuwa ni mtihani. Kichwa kilikuwa juu. Fimbo ilikuwa ikimchungia njia, naye alikuwa akiangalia watu, akiwaita kwa majina watu ambao, aliniambia baadaye, alikuwa hajaziona sura zao kwa muda mrefu kwa sababu alikuwa akitembea akitazama chini.

Alifika kwenye meza yake, akakunja fimbo, akaanza kupanga nguo. Mteja wa kwanza akachagua sweta, akalipa kwa simu. Mama Nekesa akaisogeza simu karibu na jicho, akausoma ujumbe na kusema, "Imeingia, asante."

Hilo ndilo lililotuharibia. Kijana mmoja aliyekuwa akishusha mzigo pale karibu akaacha mzigo wake.

"Si huyu madhe ndiye amekam na fimbo ya vipofu saa hii? Na anasoma simu?"

"Anaona fiti kukuliko," mwenzake akamjibu. "Hiyo ni kiki tu."

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimezoea maneno ya vijana, na vijana wale wangesahau kabla ya jioni. Aliyemchoma alikuwa Mama Shiru, mwenye meza ya pili, aliyekuwa amekaa naye bega kwa bega tangu watoto wao wakiwa wa kubebwa mgongoni. Hakucheka. Alimkaribia na kumwambia polepole, "Mama Nekesa, kama biashara imelala, si ungetuambia? Usituletee mambo ya fimbo ili wateja wakuhurumie. Watu watatuita wezi sisi wote hapa."

Mjue kwamba Mama Shiru hakuwa mtu mbaya. Huku kwetu kila mtu ana hadithi ya ombaomba aliyekaa siku nzima akiwa kipofu, na jioni akavua miwani na kuhesabu sarafu zake akielekea nyumbani. Hadithi nyingine ni za kweli. Kwa hiyo watu wa mtaa wana sheria moja: ama huoni, ama unaona. Ukionekana katikati, wewe ni tapeli. Nilijitokeza nikajaribu kueleza habari ya tundu la ufunguo. Walinisikiliza kwa adabu, kisha Mama Shiru akaniuliza mimi ni nani wake.

Tangu siku ile Mama Nekesa aliikunja fimbo kabla ya kuingia soko. Pale kwenye kona ya mafundi wa mabati alisimama, akaiingiza mkobani, akaenda sehemu iliyobaki bila kitu. Na sehemu iliyobaki ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote: mikokoteni, kamba za vibanda, matope, watu wenye mizigo mgongoni wanaopiga mluzi wa "sss" badala ya kusema kando. Baada ya muda mfupi kona ya kukunjia ikasogea nyuma. Ikawa kwenye barabara. Halafu ikawa mlangoni kwake.

Tuligombana juu ya jambo hilo kama ndugu.

"Fimbo ni ya kuangalia chini," nilimwambia. "Ukiiweka mkobani, ni nani ataangalia chini?"

"Mimi."

"Na mbele ataangalia nani?"

"Mbele napajua, Mwalimu. Nimepapita miaka yote hii."

"Na watu?"

"Watu wameshaniambia vile wananiona."

Mkokoteni ulimgonga siku moja, akaja na kanga imefungwa kwenye goti. Alisema aliteleza jikoni. Nilimtembelea nyumbani, nikaongea na Nekesa mwenyewe, msichana mpole aliyekuwa akishona lebo kwenye kiwanda, naye akamsihi mama yake mbele yangu. Mama Nekesa aliwasha jiko la chai kana kwamba tunaongea habari za mtu mwingine.

Harusi ilipokaribia, nilirudi kwa mara ya mwisho. Nilimwomba jambo moja tu: siku hiyo, kutoka mlangoni hadi kwenye gari, ashike fimbo. Nilimkumbusha kilichomleta ofisini kwangu. Njia ilikuwa mbovu, ya kupita kati ya nyumba za zamani za kanjo, yaani baraza la jiji, na mtaro wazi upande mmoja. Kanisani ndani kuna giza, nikamwambia, na hemani kutakuwa na kivuli, hutaona. Mahali pekee utakapoweza kumwona mtoto wako ni hapo nje, juani. Mpe fimbo kazi yake, macho uyaachie Nekesa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwa nimelifikiria.

"Wakwe watakuwa wamesimama pale, Mwalimu. Wakiona fimbo watauliza ni ugonjwa gani. Wakiambiwa ugonjwa gani, watauliza kama ni wa damu. Halafu watamwangalia Nekesa."

"Ni wa damu?"

"Mama yangu alimalizia maisha yake akishikiliwa mkono. Wewe niambie."

Mwalimu wa kutembea hana somo la jambo kama hilo.

Nilialikwa, nikaenda. Asubuhi ile watu wa bwana harusi walikuja wakaimba mlangoni kama ilivyo desturi, wakafungiwa, wakaimba tena, wakadaiwa soda, wakafunguliwa. Jua lilikuwa kali na zuri. Mimi nilisimama chini kule kwenye barabara, karibu na gari lililofungwa riboni, kwa hiyo niliiona njia yote. Akina mama walitoka kwanza na vigelegele, kisha akatoka Nekesa na gauni lake, na kando yake mama yake, amevaa kitenge cha buluu na kilemba. Hakushikwa mkono na mtu. Hakuwa na fimbo.

Alitembea njia ile yote bila kujikwaa hata mara moja. Alipita mtaro, akapita jiwe lililokuwa limemkwaza mpiga picha, akapita watoto waliokuwa wakikimbia mbele yao. Kama ningekuwa namtahini, ningempa alama zote. Ila niliona kilemba chake, sikuuona uso wake. Kichwa kiliinama tangu mlangoni mpaka garini. Nekesa aligeuka akamtazama, akapiga hatua chache, akageuka tena. Mama hakuinua macho. Mwanamke aliyesimama kando yangu, wa upande wa wakwe, alijifuta machozi na kusema, "Ona mama wa watu. Uchungu wa mzazi huo. Hata kumtazama mtoto hawezi." Watu walipiga makofi walipofika kwenye gari. Nami nikapiga.

Nekesa akaenda kuishi Nakuru na mumewe. Tundu la mama yake likafunga mapema kuliko tulivyodhani, na simu zangu hakuzishika. Nilipokwenda nyumbani niliambiwa amelala, mchana. Mwishowe akaja ofisini akiletwa na mtoto wa jirani, akaketi, akatoa fimbo mkobani na kuiweka mezani kwangu. Nilishika ncha. Ilikuwa na mikwaruzo ile ile ya mafunzo, haukuongezeka hata mmoja.

"Tuanze," akasema. "Saa hii huna haja ya kitambaa."

Tulianza upya. Mikono ilikuwa bado inakumbuka, na haikupita muda mrefu akawa anakwenda Gikomba peke yake tena. Na sasa sikilizeni ajabu ya watu wetu. Soko lile lile lililomcheka lilimfungulia njia. Vijana wa mikokoteni walisimama na kumpisha. Mama Shiru alikuwa akipaza sauti kutoka mbali, "Pisheni Mama Nekesa apite! Nyinyi hamuoni mama haoni?" Mama Shiru huyo huyo ndiye aliyekuwa akimsomea ujumbe wa simu na kumchagulia nguo zenye madoa. Ilikuwa fimbo ile ile, na mwanamke yule yule. Lililobadilika ni kwamba sasa hakuwa na kitu cha kuficha, kwa sababu hakuwa na kitu kilichobaki.

"Sasa wananiamini," aliniambia siku moja, bila uchungu, kama mtu anayetaja bei.

Mimi ndiye ninayebaki na uchungu. Tuliwafundisha wanafunzi wetu kupita mitaro, hatukuwafundisha majirani kwamba kati ya kuona na kutoona kuna barabara ndefu, na kuna watu wanaotembea humo miaka kumi, ishirini. Hakuna aliyetupa kazi hiyo, wala hapakuwa na saa zake kwenye ratiba. Ninyi itafuteni nafasi. Nendeni sokoni na kanisani kabla ya mwanafunzi kwenda. Bi Mutheu alikuwa amenionya siku ya kwanza, nami nilidhani anaongea juu ya mikono tu.

Wiki nilipostaafu nilipita Gikomba kununua nguo za mjukuu. Mama Nekesa alinitambua kwa kikohozi kabla sijasalimia. Alinitafutia kigoda, akamtuma mtu chai. Nikamwuliza habari za Nekesa. Mzima, akasema, ana mtoto wa pili, na macho ya watoto wote wawili yamepimwa, mpaka sasa ni salama. Wakwe wanajua kila kitu siku hizi, na hakuna aliyesema neno. Mama wa bwana harusi ndiye humpigia simu kumkumbusha dawa ya presha.

"Kwa hiyo ungeishika tu ile fimbo," nikasema, na mara nikajuta kusema.

Hakukasirika. Aliendelea kukunja fulana kwa vidole, akitafuta mshono wa bega ili azilinganishe.

"Nekesa ameniambia alikuwa akiniangalia njia nzima," akasema. "Alitaka nimwangalie."

"Picha si uliziona? Wakati huo macho yalikuwa bado yapo."

"Niliziona. Kwa picha ana uso wa kupigwa picha. Mimi nilitaka ule aliotoka nao mlangoni kwangu." Akaweka fulana, akachukua nyingine. "Harusi ya mtoto wangu, Mwalimu, niliiona kutoka magoti kwenda chini. Uliza viatu vya mtu yeyote siku hiyo, nitakuambia. Mpiga picha alikuwa na raba zimepasuka kando. Shangazi wa bwana harusi alivaa vya kahawia, vimembana. Vya Nekesa vilikuwa vyeupe, na cha kushoto kilikuwa kimeshika tope kwa kisigino. Nilitaka kumwambia apanguse. Lakini ningeinua uso kumwambia, ningeanguka."